Mlango wa Ningu

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, niliamini kwamba mto una masikio, kwa sababu Dani, bibi yangu mzaa baba, alizungumza nao kwa adabu kama anayezungumza na mkwe. Kwetu ni uwanda wa Kano, kati ya ziwa na milima ya Nandi. Masika yakianza, ningu huliacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga. Ni samaki mwenye kichwa kigumu: maji ya baridi yanashuka kutoka milimani, naye anapanda tu, tumbo limejaa mayai. Ukimshika, mayai yanakumwagikia mkononi.

Sisi tulimngoja kwenye kijito kilichopita nyuma ya boma. Wanaume walisimika ua wa fito na matete kutoka ukingo hadi ukingo, wakatega migono ya kunasia samaki, lakini katikati waliacha nafasi iliyoitwa mlango. Walioingia mgononi walikuwa wetu, waliopita mlangoni walikuwa wa mto. Na bomani kukiwa na mjamzito, Dani aliulinda mlango ule kwa ukali zaidi. Ukimfungia njia aliyebeba mayai, alisema, umemfungia na aliye nyumbani.

Mwaka ule mjamzito alikuwa mama yangu.

Baba alikuwa kazini mbali. Aliyesimamia ua alikuwa mdogo wake Ouko, niliyemwita Baba Ouko, aliyekuwa amerudi kutoka Muhoroni, alikoendesha trekta la miwa hadi kazi ilipokwisha. Alirudi na haraka zake. Ningu walikuwa wameanza kupungua, na kila aliyepita mlangoni alimuuma roho. Asubuhi moja tukakuta mlango umezibwa kwa matete, migono imejaa pomoni. Dani alisimama ukingoni akamtaka afungue. Ouko alicheka, akasema samaki hawajui nani ana mimba. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nilikula ningu wa kuchemsha siku hiyo hadi tumbo likauma, na sikuona ubaya wowote.

Mvua ikashika, ikanyesha bila kupumzika. Mama alianza uchungu alfajiri, na mchana ulipofika mtoto alikuwa hajasogea. Mkunga, jirani yetu aliyezalisha karibu nusu ya kijiji, alitoka nje akijifuta mikono, akasema maji yamezidi unga, apelekwe hospitali. Hospitali ilikuwa ng'ambo. Pa kuvukia palikuwa juu kidogo ya ua, mahali ambapo siku zote maji yalinifika magotini. Tulipoenda kutazama, hapakuwapo tena. Maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yametanda hadi ndani ya mahindi, na upande wa ziwani kinamasi kilikuwa kimemeza njia. Tulikuwa tumefungwa ndani ya boma letu wenyewe.

Sijawahi kuogopa vile tena. Nyumba ilikuwa na joto na moshi, na mvua ilipiga mabati hata watu wakasemezana kwa ishara. Mama hakupiga kelele. Aliniomba maji, nikampa, akayashika mdomoni bila kuyameza. Nilitaka kukimbia, na hapakuwa na pa kukimbilia.

Dani hakumgombeza Ouko. Alimpa panga.

"Nenda ukamfungulie mtoto wa ndugu yako," alisema.

Nilimwona akiingia majini hadi kifuani, midomo ikimtetemeka kwa baridi, akikata kamba na kung'oa fito. Takataka zote za mto zilikuwa zimejibanza pale: majani ya miwa, matawi, magugu. Mlango ulipoachia, ua mzima ukaenda nao, na Ouko nusura aende pia. Tukasimama kuyatazama maji yakishuka, polepole mno, mashina ya mahindi yakichomoza moja moja. Jioni pa kuvukia pakaonekana. Ouko na wanaume wa jirani wakambeba mama juu ya kitanda, na ndugu yangu akazaliwa hospitalini. Leo ananizidi urefu kwa kichwa kizima, na kila anapochelewa popote tunamtania kwamba amezibiwa mlango tena.

Mimi nimesoma kidogo. Najua kwamba ua uliozibwa hukusanya takataka, na takataka huyapandisha maji. Hilo pekee lilitosha kutufungia. Lakini mama anasema mtoto aligeuka tumboni tukiwa bado tunangoja maji yashuke, kabla ya daktari yeyote kumgusa.

Siku hizi ningu ni wa nadra, na pale nyuma ya boma hapajasimikwa ua kwa miaka mingi. Naishi Kisumu mjini, hospitali naiona kutoka dirishani, na ninatarajia mtoto wangu wa kwanza. Juzi Baba Ouko, ambaye sasa ni mzee wa magoti mabovu, alinipigia simu. Hata habari za kliniki hakuuliza.

"Mtoto wangu, leo nimeingia huko mto," alisema. "Kulikuwa na fito za zamani zimebaki chini ya maji. Nimetoa zote."

Ulimi uliniwasha kumtania kwamba samaki hawajui nani ana mimba. Sikuweza. Nilimwambia asante, Baba, nikalia kidogo, kisha nikapata usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu masika yaanze.