Sosi ya steki imeishia gotini

Baba mkwe wangu amejipaka sosi ya chakula cha mchana gotini.

Leo alikuja kututembelea hapa Bariadi kutoka Bukundi. Nikasema moyoni, leo mzee atajua kijana wake ameoa.

Nikasaga giligilani, kitunguu saumu, limao na pilipili, nikaweka bakuli mezani. Nikatoka uani kugeuza steki jikoni.

Narudi, mzee kakunja suruali. Goti lote kijani!

"Wabeja, mayu," akanishukuru kwa Kisukuma, akiniita mama. "Kumbe mume wako alikwambia goti linanisumbua?"

Mume wangu akainamia simu yake. Hata kunisaidia kumweleza, wapi!

Jamani, baba mkwe unaanzaje kumwambia hiyo ni mboga?

Mara pilipili ikakolea. Mzee akaruka. "Inaingia! Dawa inaingia!"

Akazunguka uani akichechemea, halafu akawa hachechemei tena. Naapa.

Tukala steki bila sosi. Akatafuna, akaniambia kwa upole, "Nyama tamu, mayu. Ila siku nyingine weka na kamchuzi."

Sasa hivi anaongea na mama mkwe kwenye simu. Jumapili anamleta, mgongo unamsumbua.

Niseme ukweli, au nisage nyingine?