Siku Wegesa Alipounyamazisha Mji

Ukitaka kumkera Wegesa, mwambie Tarime ni kwa watu wa mapanga. Wapishi wenzake kwenye ile shule ya bweni Dodoma walilijua hilo, na kila alipoingia jikoni akiwa amenuna, hakukosekana mmoja wa kusema, "Mpisheni huyo, msije mkakatwa." Hapo Wegesa aliweka mwiko chini, akashika kiuno, na somo likaanza. Aliwaeleza uji wa wimbi, ule ulezi wa kwao, wa Beatrice, ambao ukiunywa asubuhi husikii njaa mpaka jua linainama. Aliwaeleza duka la Tomaso, ambako kitenge unakipapasa kwanza ndipo unauliza bei, na kilima cha nyuma ya Turwa, alikozaliwa, ambako ukisimama juu unaona migomba na kahawa mpaka macho yachoke, na kule mbali upande wa Sirari mpakani, nchi ya watu wengine. Akifika kwa Nyangwine mchoma nyama, alifumba macho kabisa. Aliondoka Tarime akiwa binti, akazeekea Dodoma kwenye masufuria, lakini ukimsikiliza ungedhani katoka kwao jana jioni na mlango kauacha wazi.

Msikilizaji wake mwaminifu alikuwa Evelina, fundi cherehani aliyeshona sare za wanafunzi. Evelina alikuwa Msukuma wa Maswa, mpole, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba wateja walimwinamia ili wamsikie. Miaka yote alicheka kwenye masimulizi ya Wegesa, akauliza na maswali. Kisha majina ya ajira mpya za walimu yakatoka. Yona, mwanawe wa pekee, aliyekuwa amekaa nyumbani na cheti chake muda mrefu mpaka akaanza kuuza vocha, alikuwa amepangiwa shule ya msingi huko Nyanungu, wilaya ya Tarime.

Evelina alikuja jikoni macho yamevimba.

"Haendi," alisema.

"Mama Yona! Ajira ya serikali unaiacha?"

"Ninaye huyo mmoja tu, dada. Bora akae, nishone, nimlishe."

Wegesa alijisikia vibaya kuliko siku zote. Wapishi wenye utani wa mapanga alikuwa amewazoea, midomo yao ilikuwa kazi yao. Huyu alikuwa rafiki yake, aliyeyasikia yote, na kumbe hakuwa ameamini hata moja. Yona mwenyewe alitaka kwenda, lakini hakuwa kijana wa kumvuka mama yake, na siku za kuripoti zilikuwa zinakwisha.

"Shule inafunga Ijumaa," Wegesa alisema. "Twende ukaone mwenyewe. Ukirudi na neno lilelile, mimi ndiye nitakayemwambia Yona abaki."

Ndivyo walivyosafiri. Na hapo ndipo Wegesa, kwa mapenzi yake yote, alipoharibu.

Ni hivi: kwao Wegesa mtu hasemi, anatangaza. Wanaume wawili wakiulizana habari za ng'ombe, mgeni anaanza kuangalia pa kukimbilia. Mama akimkaribisha mtoto chakula, jirani wa tatu anasikia na kunawa mikono. Hakuna ugomvi hapo, ni sauti tu ambazo watu walipewa na hawaoni sababu ya kuzibania. Wegesa alimfikiria Evelina katikati ya kelele hizo, akaingiwa na hofu. Akampigia Beatrice, akampigia Tomaso, akampigia Nyangwine. "Nakuja na mgeni, mtu wa sauti ndogo. Nawaomba kwa heshima yangu, ongeeni taratibu." Nao, kwa kuwa walimpenda, wakakubali, na kwa kuwa ni watu wasiofanya jambo nusunusu, wakawaambia na majirani.

Asubuhi Beatrice aliwapokea kibandani kwake kwa tabasamu la mtu anayeumwa jino. Aliweka vikombe vya uji mezani bila kugongesha chochote. Wateja wengine walikuwa wameinamia vikombe vyao. Mmoja alipojisahau na kuanza kucheka, mwenzake alimpiga kiwiko.

"Uji mtamu," Evelina alisema.

"Asante," Beatrice alinong'ona, akarudi nyuma ya jiko kama aliyetumwa.

Kwa Tomaso mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tomaso ambaye husifia vitenge vyake mpaka stendi wanasikia, siku hiyo alikuwa anaonyesha kwa kidole. Evelina, fundi wa vitambaa, alipapasa kimoja cha rangi ya kahawia, akakipenda, lakini hakupata hata mtu wa kupatana naye bei. Mama mmoja aliyekuwa amevuka kutoka upande wa Kenya kununua bidhaa alisimama mlangoni akashangaa.

"Kwani leo mko na nini?" aliuliza. "Kuna matanga?"

Hakuna aliyemjibu. Evelina alikirudisha kitenge mahali pake polepole.

Walipanda kilima mchana. Upepo ulikuwa wa baridi, mashamba yalikuwa ya kijani mpaka mwisho wa macho, na Wegesa alisimama na kifua mbele akisubiri sifa. Hapa ndipo alipochunga mbuzi wa baba yake. Hakuna kilichokuwa kimepungua. Aliona fahari.

"Pazuri," Evelina alisema. Kisha akakaa kwenye jiwe. "Dada Wegesa, Yona haji."

"Kwa nini? Umeona baya gani?"

"Sijaona. Hilo ndilo linalonitisha. Mji mzima unanong'ona. Nikipita wananyamaza, nikigeuka wanapigana viwiko. Mahali watu wanaponyamaza wakiona mgeni, pana jambo. Mnanificha nini?"

Wegesa alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Aliuona mji wake pale chini, mabati na migomba, umekaa kimya kama mtoto aliyekaripiwa mbele ya wageni, na aliyeukaripia ni yeye. Dodoma alikuwa ameutetea kwa miaka yote. Siku ya kuuonyesha, aliuonea aibu. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Ni mimi," alisema. "Niliwaambia wapunguze sauti. Niliogopa utawaogopa. Uliowaona leo siyo watu wangu, mama Yona. Nipe mlo mmoja tu, halafu uamue."

Evelina alisimama, akakung'uta gauni.

Kwa Nyangwine palikuwa pamejaa, maana ilikuwa siku ya gulio na watu wa vijijini walikuwa wameshuka na mizigo yao. Mzee mwenyewe alikuwa anakata nyama kwa uangalifu, kisu hakisikiki.

"Shikamoo mzee," Wegesa alisema.

"Marahaba," mzee alinong'ona, akimwangalia mgeni kwa pembe ya jicho.

"Mzee Nyangwine, nisamehe. Ongea kama ulivyozaliwa."

Nyangwine aliweka kisu chini. Alivuta pumzi ya mtu aliyekuwa amezamishwa majini tangu alfajiri.

"WEGESA! Mtoto wa Turwa! Umetutesa, wewe! Karibu nyumbani! Na wewe mama, karibu! Kaa hapa! Siyo hapo, hapo pana moshi, HAPA!"

Evelina aliruka. Lakini alikuwa ameshakaa kabla hajajua, na mbele yake ilishatua sinia ya ugali wa muhogo wa udaga na mtama, nyama ya mbuzi, na bakuli la kichuri, ule mchuzi mchungu unaopikwa kwa maji yaliyokamuliwa kwenye matumbo ya mbuzi, ambao wageni wengi huuonja kwa ncha ya ulimi na kuaga. Evelina alichovya tonge. Alikunja uso, akameza, akakaa kidogo. Akachovya tena. Banda zima lilishangilia.

"Mgeni wako anatoka wapi?" Nyangwine aliuliza, kwa sauti ya kuuliza watu wa ng'ambo ya mto.

"Dodoma. Mtoto wake ni mwalimu, kapangiwa Nyanungu. Bado anafikiria."

Kwenye meza ya pili aliinuka mwanamke mrefu, Robi, muuza ndizi, ambaye wajukuu zake walisoma shule hiyohiyo.

"Nyanungu yetu?" Akageukia sokoni, akaweka mikono mdomoni. "Jamani! MAMA WA MWALIMU HUYU HAPA!"

Wakaja. Wanawake wa Nyanungu waliacha biashara zao wakajaa bandani, kila mmoja akisema, hakuna aliyesikiliza, mikono hewani. Mmoja alimwekea Evelina mkungu wa ndizi miguuni, mwingine kuku aliyefungwa miguu, mwingine akamtupia mapajani mfuko wa wimbi. Robi na mwenzake walikuwa wamesogezeana nyuso, mishipa ya shingo imesimama.

Evelina alimshika Wegesa mkono. "Wanapigana?"

"Hapana," Wegesa alisema. Kifua kilikuwa mbele tena. "Robi anasema mwanao atakaa kwake, ana chumba chenye sakafu. Yule anasema kwake ndiko karibu na shule, na maziwa yapo. Hakuna anayetaka kumwachia mwenzake."

Evelina aliwaangalia wale wanawake wawili. Midomo ilimchezacheza. Akafuta mikono, akatoa simu, akapiga.

"Yona," alisema kwa ile sauti yake. "Yona, mwanangu." Upande wa pili kijana alikuwa analalamika hasikii kitu, kuna kelele, mama uko wapi, kuna usalama huko?

Evelina alisimama. Aliziba sikio moja, akajaza kifua hewa.

"NIMESEMA UJE!" alipiga kelele, mpaka kuku wa miguuni akapapatika. "FUNGASHA MIZIGO UJE! WANAKUSUBIRI!"

Banda lilinyamaza. Hata Robi alinyamaza. Wegesa alilengwa na machozi tena, akakata tonge kubwa, akalichovya kwenye kichuri, na safari hii hakumwambia mtu yeyote apunguze sauti.