Siku Nilipomwomba Thelani Kanisani

Aibu hii sijawahi kuisimulia, lakini nyinyi ni marafiki zangu, chekeni tu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi mwalimu wa Sunday school hapa Kisumu, msichana wa kutoka Katito niliyejiona mjanja sana. Rafiki yangu Akinyi alikaa Milimani, na kaka yake, Ouma, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na mchezo wa ajabu: mnakaa mezani na dadu, kila mtu anajifanya mtu mwingine katika nchi isiyokuwepo, na Ouma anasimulia yanayotokea na kuwasemea miungu. Mimi nilikuwa kuhani wa Thelani, mungu wa hekima mwenye macho mia (wa kubuni, jamani, wa kubuni!), na kila Jumamosi mchana nilimsumbua Ouma kwa maswali: kama anajua kila kitu, anaweza kushangaa? Macho mia analala nayo vipi? Jumamosi moja Ouma akaniambia niandike sala ya kuhani wangu, nami kwa uvivu wa kutafuta karatasi nikaiandika kwenye daftari langu la kanisa.

Kesho yake, Jumapili, nikaitwa mbele ya kanisa kuongoza maombi. Nikafungua daftari, nikaanza kusoma bila kufikiri: "Ee unayeona yaliyofichika, tufungue akili!" Watu wakaitikia "Amina!", nami nikanogewa, nikapaza sauti, mpaka nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Ee Thelani, mwenye macho mia, tunakuja kwako!"

"Amina!" kanisa zima.

Baada ya ibada mke wa mchungaji, tuliyemwita Mama Pasta, akanishika mkono.

"Mwalimu, Thelani ni nani?"

Ningesema ukweli pale, yangeisha. "Ni nabii, Mama. Wale wadogo wadogo."

Akafurahi! "Basi Alhamisi utatufundisha akina mama."

Alhamisi nikakuta ukumbi umejaa, kila mama na Biblia yake, wanapekua. "Yuko kabla ya Malaki ama baada?" mmoja akauliza. "Kwa Biblia ya Dholuo anaitwa nani?" mwingine. Jasho likanitoka mpaka kwenye viatu, nikasema yote: Milimani, dadu, ukuhani.

Mama Pasta akavua miwani. "Kwa hivyo Jumapili tulimwomba mungu wa mchezo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi niliitikia Amina?"

"Mara mbili, Mama."

Hakucheka. Nilinyang'anywa darasa mpaka Krismasi, nikawa nakaa benchi la nyuma, watoto wananipungia mkono. Lakini Alhamisi ile ile, mama mmoja anayeuza nguo soko la Kibuye alinifuata mlangoni, akaangalia huku na huku.

"Nyathina, mwanangu, huyo Thelani wenu, mkimuuliza kitu, anajibu?"

"Ouma ndiye anayejibu, Mama."

"Aa," akasema, akaondoka amekunja uso kama mtu aliyekuja na swali lake tayari.

Mimi tangu hapo sisomi sala kutoka daftari lolote. Naomba kwa kichwa tu, hata nikikwama katikati na watu wakasubiri.