Kigae Kimoja cha Nyumba ya Rusinga

Nimeona nyumba ya mawe ikiangamia kwa sababu ya kigae kimoja, na mimi fundi nimesimama chini yake na ngazi begani.

Shule niliacha darasa la sita. Lakini kigae najua kukirudisha.

Ilikuwa tisini na tano, kisiwani Rusinga. Dada yangu Jerusha alikuwa amefiwa na mumewe, Zablon. Akabaki na watoto kwenye nyumba aliyoijenga babu yake Zablon enzi za mkoloni. Kuta nene za mawe, paa la vigae vyekundu.

Upepo ukasogeza kigae kimoja. Mvua ikaingia. Nikaleta ngazi.

Shemeji yake, Abuto, akanisimamisha langoni.

"Omera, ndugu yangu, rudi na hiyo ngazi. Nyumba ya mjane haiguswi mpaka arithiwe."

"Arithiwe na nani?"

"Si mimi niko?"

Jerusha akatoka na ufagio mkononi. "Wewe? Umezika wake wawili, wote wamekauka kama vijiti, sasa unanitaka mimi? Afadhali nilowe!"

"Basi lowa. Na kaka yako akipanda huko juu, chira itamaliza watoto wako."

Chira ni laana ya kuvunja mwiko. Inamkondesha mtu mpaka afe. Jerusha alikuwa mtu wa kanisa, lakini kwa watoto hakutaka kubahatisha.

"Rudisha ngazi, kaka."

Masika yakapita, vuli ikapita. Maji yakashukia ndani ya ukuta, ukuta ukapasuka.

Ndipo serikali ikaleta watu wa kukagua majengo ya zamani na kuyapa madaraja. La kwanza, jengo linalindwa na aliye ndani hasumbuliwi. La nne, ni hatari, watu watoke.

Jerusha akapiga deki mpaka nje. "Wakiiona nzuri, tumepona."

Mkaguzi aliitwa Monari. Akagonga mawe, akachomeka penseli kwenye ufa. Ikazama yote.

"Mbona hamkutengeneza? Si ni kigae tu!"

Abuto akawahi. "Mama huyu ni mvivu, bwana mkubwa."

"Mwongo!" nikasema. "Yeye ndiye aliyezuia ngazi yangu!"

Monari hata hakunitazama. "Fundi, mimi napima ukuta. Sipimi ukoo."

Daraja la nne.

Jerusha akafungasha. Akapanga chumba Homa Bay, akawa anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni.

Miaka miwili baadaye nikaitwa Rusinga kujenga choo cha jirani. Nikainua macho. Paa limekamilika. Ufa umezibwa kwa saruji. Kibarazani ameketi Abuto, na kando yake Monari anakunywa soda.

"Abuto! Umepanda nyumba ya mjane?"

Akacheka. "Kwani unaona mjane hapa?"

Monari akanyanyuka kunisalimu. "Fundi, tumeipa daraja la kwanza. Laiti kila mtu angetunza mali ya babu yake kama mzee huyu!"

Nikarudi kwenye shimo la choo.

Nilipomwambia Jerusha, hakulia. Aliendelea kupepeta omena.

"Kigae alikitoa wapi?"

"Ni kilekile. Kilikuwa kimelala tu pale juu."

Akageuza uso.

Wewe unayepita ukaona nyumba ya mtu inaanguka, usikimbilie kusema mwenyewe ni mzembe. Uliza kwanza nani amesimama langoni kuzuia ngazi.