Mate ya Mtu wa Duarani

Kijana niliyemchukua mate mchana kweupe, akicheka, ndiye yuleyule ambaye mfupa wake ulikuwa mezani kwangu. Usinicheke. Nilipima kwa mikono yangu.

Nilikuwa kwenye maabara ndogo pale Tarime, enzi zile kila mwenye nguvu alipokuwa amekimbilia dhahabu. Duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka Nyakunguru, na miezi ilipopita wachimbaji wakatoa mifupa ya mtu mmoja. Mama mmoja wa Kerende aliamini ni ya mwanawe, Marwa. Tukasubiri ndugu walete mate, tulinganishe DNA.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana mwenye vumbi la mawe hadi kwenye kope. Akasema ni ndugu. Nilipompitishia pamba ndani ya shavu niliona pengo kwenye meno ya juu.

"Dokta, usichukue na ulimi," akanitania. "Sijala tangu nitoke duarani."

Kesho yake mama naye akaja, nikamchukua mate.

Nikatayarisha sampuli zote tatu kama siku zote: kila moja na rangi yake ya buluu, ile inayoipa uzito izame, kisha nikazidondosha kwenye vishimo vya jeli na kuwasha umeme. Mistari ilipotokea, nusu ya ile ya mama ililingana na ya mfupa, kama ilivyo kwa mzazi na mwana. Ya kijana ililingana yote.

Nimechanganya vichupa? Nikaanza upya, kwa kipande kingine cha mfupa. Vilevile. Wewe ungefanyaje?

Nikamwita mama.

"Shikamoo, mama. Marwa alikuwa na pacha?"

"Marahaba. Pacha wa wapi? Nilizaa mmoja tu. Ana pengo hapa juu, ng'ombe alimpiga teke."

Nikamweleza yote, maana kunyamaza kulinishinda. Hakulia. Alinishika mkono.

"Wewe ndiye umesoma, mwanangu. Niambie basi. Nizike, au nisubiri?"

Nilikwenda Nyakunguru kumtafuta yule kijana, hakuna aliyemwona.

Nawe unayefanya kazi hii, mgeni akikufungulia kinywa, muulize kwanza nani wa kwao anayemjua.

Mifupa bado iko mochwari. Mama hajaichukua, na hakubali mtu mwingine aizike.