Namba za Nyuma ya Mlango

Mtaa mzima unamwita Milimita, na jina hilo hakupewa bure. Mwambie fundi huyu unataka meza "kubwa kiasi" uone anavyokuangalia, kama umemtukania mama. Kila kitu anapima, halafu anaandika ukutani kwa penseli. Daftari linapotea, anasema, ukuta utapotelea wapi?

Siku moja mkewe, Mama Pacha, aliingia karakana kutafuta vipimo vya kabati la jirani. Nyuma ya mlango akakuta namba zimejitenga peke yake: nane, kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Kila moja na tarehe yake, mwezi hadi mwezi.

"Baba Pacha, hili kabati gani linanenepa?"

Milimita akaendelea kupiga randa ubao ulionyooka tangu asubuhi.

"Naongea na wewe au na randa?"

"Ni kinundu tu." Akagusa kifua, upande wa kushoto. "Kimeletwa na keekee."

Keekee yake ya kutobolea mbao anaisukuma kwa kifua mwaka wa ishirini na tano sasa. Kesi alishaihukumu mwenyewe: kinundu nyuma ya chuchu ni sugu ya kazi, kama zile za viganjani. Hata hakiumi.

"Miezi minne unakipima, daktari hajakiona?"

"Nikamwambie nini? Naumwa titi? Mimi mwanaume."

"Kwani hapo kifuani umefunga vitasa, ugonjwa usiingie?"

Kesho yake wakawa kliniki ya matiti, Milimita na wanawake kumi na mmoja kwenye benchi moja.

"Waume wasubiri nje," muuguzi akasema.

"Mgonjwa ndiye huyo," Mama Pacha akajibu. "Mimi nimemsindikiza asitoroke."

Benchi zima likacheka. Bibi mmoja akasogea. "Kaa hapa mwanangu, sote tumeletwa na kitu kimoja."

Daktari alikibonyeza kinundu, akapapasa kwapa, kisha akaitazama chuchu. "Imeanza kuingia ndani. Uliiona?"

"Hiyo sikuipima."

"Wanaume nao wana matiti, madogo tu. Vinundu vyao vingi si saratani. Ila kigumu, kinachokua na kuvuta chuchu, hatukikisii." Akamwandikia picha, na sindano ya kuchukua kinyama kikapimwe.

Majibu yangechukua wiki moja. Wiki hiyo Milimita alikata mlango wa mteja ukapungua sentimita mbili, na Mama Pacha hakumtania hata kidogo. Hapo ndipo Milimita alipojua mkewe naye anaogopa.

Ilikuwa saratani. Ndogo bado, tezi za kwapani safi. Mama Pacha akatoa simu, akamwonyesha daktari picha ya zile namba na tarehe zake.

"Wengi hawakumbuki hata kilianza lini," daktari akasema. "Huyu kaniletea ukuta. Angeuleta kwenye nane, ningempenda zaidi."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alipokuja kuangalia kidonda, Milimita akauliza mshono una urefu gani.

"Kama sentimita kumi hivi."

"Kama?"

Akamwangalia kwa jicho lile la meza kubwa kiasi. Mama Pacha akajua mumewe amerudi. Mshono ulipokauka, siku ya kwanza karakana, alimvua shati mwenyewe, akanyoosha futi kamba.

"Kumi na moja na nusu," Mama Pacha akasoma. "Tulia, unanichekesha."

Akachukua penseli sikioni kwa mumewe, akaenda kuiandika nyuma ya mlango.