Wanamaji Wawili wa Bigo

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za meli. Alitumikia jeshi la majini kule Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, tangu nchi ilipokuwa ikiitwa Zaïre. Alipostaafu, Mama akamwambia amechoka kuishi mbali na watu wake. Mama alitoka Kpandroma, kwenye baridi na mashamba ya viazi. Baba hakutaka kulima, Mama hakutaka ziwa, basi wakachagua Bunia, mji mkubwa wa upande wa kwao Mama. Ndivyo mimi na mdogo wangu wa kiume tulivyokulia mtaa wa Bigo, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni yale ya mvua yanayojaa barabarani.

Baba akawa anatengeneza jenereta za watu. Wingu likianza kuwa zito, alizunguka uani akifunga kila kitu kwa kamba: viti, karai, hata banda la kuku. Mafundo yake hayakufunguka. Kesho yake Mama alikata kamba kwa kisu huku akilalamika kwamba ameolewa na meli.

Lakini habari za ziwa hakuzisimulia. Sebuleni palikuwa na picha moja tu, yeye akiwa kijana, kofia nyeupe kichwani. Mdogo wangu alikuwa akiiangalia picha ile mpaka anasahau alichotumwa.

"Baba, mawimbi yalikuwa makubwa?"

"Maji ni maji," Baba alijibu, akafungua redio.

Siye tulidhani ni unyenyekevu. Tulidhani mtu aliyeona mengi hana haja ya kujisifu. Mdogo wangu akajijazia mwenyewe yale ambayo Baba hakuyasema, na kichwani mwake Baba akawa shujaa.

Mdogo wangu alipopata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, hakumwambia mtu anakokwenda kuomba kazi. Jumapili moja, tumetoka kanisani, tumekaa kwenye bugali na sombe, akasema, "Baba, wamenikubali. Niko naingia jeshi la majini."

Mama alimwangalia Baba. Mimi pia. Baba alinawa mikono, na sahani yake ilikuwa bado imejaa, akatoka nje. Hakurudi mezani.

"Yaya, nilifikiri atafurahi," mdogo wangu aliniambia jikoni. Yaya ndivyo alivyoniita mimi, mkubwa wake, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nilifanya hivi juu yake, ili niwe kama yeye."

Siku ya kuondoka, begi likiwa mgongoni, alisimama kwenye mlango wa chumba cha wazazi. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Baba, niko naenda."

"Nimesikia," Baba akajibu kutoka ndani.

Mdogo wangu alingoja kidogo. Mama alijaribu kuusukuma mlango, akaacha. Nikamsindikiza mimi mpaka kwenye lori.

Baada ya mafunzo alipelekwa Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, huku chini yetu tu. Barabara ikiwa nzuri, alifika nyumbani siku hiyohiyo, amevaa unifomu, amebeba samaki. Baba alikula samaki wale, wala hakuuliza wametoka kwenye maji ya namna gani. Kitu kimoja tu kiliwafanya waongee: mashine.

"Munatumia moteur gani?"

"Hors-bord, Baba. Inafungwa nyuma ya mtumbwi."

"Hiyo si moteur. Hiyo ni ya kukorogea mayai."

Mdogo wangu alicheka sana siku hiyo, na Baba naye alitabasamu. Miye nikafikiri sasa mlango umefunguka. Ziara iliyofuata, Baba alikaa tena kama jiwe.

Miaka ikapita hivyo. Mdogo wangu akaoa, akapata watoto, akabaki Kasenyi. Kisha mchana mmoja upepo ukawakuta katikati ya ziwa, wakiwa doria. Mtumbwi ulipinduka. Wenzake wawili walizama. Yeye alishika bidon tupu ya mafuta, akaikumbatia mpaka wavuvi walipomwona. Walimleta kwetu akiwa na homa, mikono imechubuka, na kila alipofumba macho alishtuka.

Baba aliingia chumbani na kiti chake. Mimi nilikuwa nabadilisha kitambaa cha maji kwenye paji la uso wa mgonjwa. Baba alikaa kando ya kitanda.

"Weye unajua kuogelea?" akamwuliza.

Mdogo wangu aligeuza uso ukutani. "Hapana, Baba."

"Hata miye sijui."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Baba akaendelea, akiangalia mikono yake. Alisema kule Kalemie alikuwa na rafiki waliyelala chumba kimoja. Siku moja rafiki huyo aliteleza kwenye sitaha, akaanguka majini, karibu kabisa, na Baba akabaki amesimama akishika chuma. Hakuweza kumfuata. Mpaka wenzake walipopata kamba, mtu alikuwa ameshakwenda.

"Toka siku ile nilikaa chini kwenye mashine," alisema. "Maji yakigonga bati, naomba Mungu. Kila safari. Mpaka siku waliponipa karatasi za kustaafu."

"Na weye haukuniambia?" Mdogo wangu alijaribu kukaa. "Baba, miye niliingia juu yako! Nilifikiri weye hauogopi kitu."

"Ningekuambia nini? Kwamba baba yako ni mwoga?"

"Ungeniambia vile. Ningejifunza kuogelea. Ao ningebaki hapa."

Baba alisogeza kiti. Alinyoosha mkono, akaushika mguu wa mtoto wake juu ya blanketi, na akabaki ameushika hivyo.

Msimu ule wa mvua ndio mzuri kuliko yote ninayoikumbuka. Mdogo wangu alipona polepole, na wao wawili walikaa barazani kuanzia asubuhi. Baba alisimulia kila kitu, chakula cha melini, wakubwa wakali, jinsi alivyotapika siku za kwanza. Mama alisimama mlangoni akisikia habari za mume wake kwa mara ya kwanza, akicheka na kujifuta macho. Baba alimwomba mtoto aache kazi. Mdogo wangu akasema hawezi, ana watoto, na kazi nyingine haijui. Wakapatana kwamba jua likirudi, Baba atashuka Kasenyi kuona mtumbwi wenyewe.

Jua lilirudi. Lakini huko njiani hali ilikuwa imeharibika kwa mapigano, watu wa vijiji vya chini walikuwa wanapanda kukimbilia mjini na magodoro kichwani. Tukasema tungoje. Tukaendelea kungoja. Kabla barabara haijatulia, mdogo wangu akahamishwa magharibi kabisa, kwenye bahari, upande mwingine wa nchi.

Baba aliugua ghafla, akatutoka asubuhi moja hospitalini, Mama akiwa amemshika. Mdogo wangu alipopata ruhusa na ndege, tulikuwa tumeshaondoa maturubai ya kilio. Alikwenda kaburini peke yake. Aliporudi aliketi karibu yangu.

"Alisema nini siku za mwisho?"

"Aliuliza kama umejifunza kuogelea."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimwambia sijui. Kweli sikujua."

Akainamisha kichwa. "Nilijifunza, yaya. Nilikuwa nangoja nimwambie uso kwa uso."

Alikaa nasi siku chache, akamsaidia Mama kupanga nguo za marehemu, kisha akarudi kwenye bahari yake. Sisi tuliobaki hatumlaumu mtu. Ila Mama, akiwa anachambua maharagwe, husema ghafla, bila kuulizwa, "Walikaa nyumba moja miaka yote ile, wakaongea msimu mmoja tu." Halafu anarudia maharagwe yake, nami naanza kumsaidia kuchambua.